Abiria wa Kiti cha Kulia

Mkanda wa kiti cha kulia ulikuwa umefungwa. Jambo dogo tu, mtu mwingine hata asingeliona, lakini mama mtoto ndiye aliyekuja kukikalia kiti hicho, na jua la saa nne asubuhi lilikuwa limejaa ndani ya kile kindege cha viti viwili, na kila kitu kilionekana wazi: mkanda umekazwa, umetuna katikati, kama uliopita juu ya tumbo la mtu. Akaugusa. Ulikuwa na joto.

"Umemfunga nani humu?" akamuuliza mumewe.

"Wewe hapo, usinikimbie tena," mumewe akacheka.

Hakucheka naye. Alimpandisha vizuri mtoto mgongoni, mtoto wa miezi saba, akarudi nyuma hatua mbili. "Leo sipandi, baba mtoto. Nenda tu."

Leseni ya urubani ya mumewe ilikuwa na wiki tatu. Kindege chenyewe kilikuwa cha mitumba, rangi juu ya rangi, na majirani walishaanza: "Kapteni, leo umepaki wapi?" Mkewe naye hakumwacha: "Mtu ananunua ndege, na mlango wa jikoni unaning'inia kwa bawaba moja!" Utani tu huo, moyoni alijivuna. Jumapili iliyopita ndiyo alikuwa awe abiria wake wa kwanza. Karatasi ya safari ikaandikwa watu wawili, mtoto akaachwa kwa dada fundi, yule mama wa makamo anayetengeneza ndege pale uwanjani, na injini ilipowaka tu mtoto akalia mpaka akapaliwa. Mama akafungua mlango, akashuka mbio. Mumewe akaruka peke yake.

Siku ile ya mkanda pia aliruka peke yake. Aliporudi, wakala chakula cha mchana, akasema, mdomo umejaa, "Ile nyumba ya bati jekundu uliyonionyesha, nimekumbuka ni ya nani."

"Nimekuonyesha wapi?"

"Juu. Si ulikuwa unacheka mpaka machozi?"

"Baba, mimi nilikuwa hapa nafua nepi."

Mumewe alimtazama kama anayetazama mtu aliyetia chumvi kwenye chai. Akanyanyuka kunawa, na alipopita, bega lake la kulia likamwacha mkewe ameduwaa: lilinukia mafuta yake mwenyewe ya nywele, yale yale, na chini ya mafuta kulikuwa na harufu nyingine, harufu ya unywele uliokaribia moto.

Kuanzia hapo akawa anaruka kila siku. Huko juu alikuwa na mke anayecheka. Huku chini alimsemesha huyu wake kama mgeni aliyekaa kupita kiasi, "asante", "haya", "sawa". Akichelewa, husema mkewe ndiye aliyemwomba huko juu aongeze mzunguko mmoja. Na siku ya nne akaingia chumbani, akachukua kofia ya mtoto na blanketi lake dogo la njano.

"Unapeleka wapi?"

"Kwani si uliniambia mwenyewe jana? Leo nije na mtoto, utampakata."

Mkewe hakungoja zaidi. Alimbeba mtoto, hata kandambili zilikuwa tofauti, akaenda uwanjani, akamkuta dada fundi chini ya bawa, mikono myeusi kwa grisi, akamwambia yote kwa pumzi moja.

Dada fundi hakushangaa, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alitazama mlango wa banda kwanza. Akanong'ona, "Jumapili ile uliposhuka, mumeo hakurekebisha karatasi."

"Karatasi gani tena, dada?"

"Ya safari. Kurekebisha ni kuzima injini, uende mnarani kwa waongoza ndege, uandike upya, na yeye leseni mbichi, akaona watamcheka. Mnara ukamuuliza kwenye redio, mko wangapi? Akasema wawili. Mdogo wangu, sisi hapa hatutangazi kiti kina mtu kama hakina. Redio haisikiwi na mnara peke yake."

"Na sasa?"

"Sasa kuna kitu kimeitwa kwa nafasi yako, kimekuja. Na kila siku anakitangaza upya. Panda wewe. Kaa kwenye kiti chako, halafu useme kwa redio, kwa sauti yako, kwamba wa pili ni wewe."

"Nisiposikika je?"

"Utasikika," dada fundi akasema, haraka mno.

Mumewe alipofika na kumkuta amesimama kando ya kindege, hakushangaa. "Leo umewahi," akasema, kwa ile sauti tamu ambayo hakuisikia nyumbani siku nne. Akambusu mtoto, mkewe akamkabidhi kwa dada fundi, "Yeye kesho," wakapanda, mkanda ukalia tak, vipokea sauti masikioni.

Walipoinuka tu, akaisikia. Sauti yake mwenyewe inacheka masikioni mwake, na yeye hakuwa amefungua mdomo, na mumewe anageuka na kutabasamu, lakini macho yake yanatua mbele kidogo ya uso wake, kama kuna uso mwingine ulioutangulia, na mapajani mwake kuna uzito, uzito wa mtu mzima aliyekaa akajiegemeza, na ile harufu ya unywele unaoungua inamziba pua, na anashika mkanda afungue, haufunguki, anabonyeza kitufe cha redio, anasema mimi ndiye, baba mtoto, mimi hapa, na kinachotoka ni ile sauti inayouliza kwa deko mbona leo mawingu mazuri hivi, na mnara unaita, mko wangapi, na mumewe anajibu wawili, na yeye anapiga kelele mpaka koo linachubuka, na mumewe hageuki.

Wakatua. Mumewe akazunguka, akafungua mlango wa kulia, akanyoosha mkono. Ule uzito ukainuka mapajani. Mwanamke akashuka, amevaa gauni lake la kijani, kilemba chake, kovu lake dogo kwenye kisigino. Mlango ukafungwa, na mama mtoto bado yumo kitini.

"Mmerudi wangapi?" dada fundi aliuliza, kalamu na karatasi ya safari mkononi.

"Wawili," akajibu mumewe.

Dada fundi akamtazama yule mwanamke kwa makini, juu mpaka chini. "Umesema kwa redio?"

"Nimesema, dada."

Akampa mtoto. Na mtoto akalia, akajipinda nyuma, mikono yote miwili akiielekeza kwenye kindege, na ndani ya kindege maziwa yakamjaa mama mpaka kifua kikauma, akakipiga kioo kwa viganja, kioo hakikutoa hata mlio. Lia, mwanangu, alikuwa akisema. Lia hivyo hivyo. Usinyamaze.

"Mbona anamkataa mama yake?" dada fundi akauliza polepole. Karatasi bado hajaiandika. Akapiga hatua moja kuelekea kwenye kindege, ya pili, macho yake kwenye kioo cha kulia.

Nyuma yake yule mwanamke akaketi kwenye benchi la banda, akafungua vifungo vya gauni, akamweka mtoto kifuani.

Mtoto akalia kidogo. Kisha akanyamaza.

Dada fundi akasimama, akageuka, akawatazama mtu na mwanawe. Akashusha pumzi. Akaandika wawili, akairudisha kalamu mfukoni.