Karibu, Ingia, Ukae

Fundi wetu wa cherehani ana mazoea ambayo kila mteja wake anayajua. Akishona, hainui kichwa. Ukibisha hodi, anakujibu macho yakiwa kwenye sindano: "Karibu, ingia, ukae." Tulikuwa tukimtania kwamba hata mwizi angepewa kiti kwanza. Binti yake wa pekee, anayeitwa Uzi kwa wembamba wake, aliyashika maneno hayo hayo tangu alipoanza kuongea, na huyatoa kwa sauti ile ile ya mama yake.

Siku hiyo Fundi alikuwa mbali na cherehani. Yeye na mumewe, fundi umeme wa magari tunayemwita Waya, walikuwa wanarudi kutoka mapumziko ya kuadhimisha miaka kumi ya ndoa. Walikuwa wamelala watakavyo na kula vya kupikiwa. Uzi alibaki nyumbani na bibi yake, mama mzazi wa Waya. Mchana ulikuwa mweupe, barabara inazunguka ubavuni mwa milima, na chini bonde limetandaa mpaka macho yanachoka. Waya alisimamisha gari mahali watu wanaposimama kutazama, akashuka kupiga picha. Fundi alibaki ndani. Shati la mumewe lililoachwa kwenye kiti cha dereva lilikuwa na kifungo kinachoning'inia, na yeye kitu kama hicho hakiwezi kumpita. Akatoa sindano kwenye mkoba, akainama.

"Hodi," sauti ilisema dirishani, taratibu.

"Karibu, ingia, ukae," alijibu, uzi ukiwa katikati ya meno.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa, ukafungwa. Gari lilizama kidogo. Alijua ni Waya. Alipomaliza fundo akainua kichwa, akamwona Waya kule mbele kwenye ukingo, amempa mgongo, simu juu.

Akageuka. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Hata begi lao lilikuwa kwenye buti.

Waya alirudi akipiga mluzi, wakaondoka. Hawakufika mbali, kengele ya mkanda ikaanza kulia. Taa iliyowaka ilikuwa ya kiti cha nyuma.

"Gari linadhani tuna abiria," Waya alisema. "Kuna nyaya zinagusana. Nitaangalia kesho."

"Simama uangalie sasa."

"Kwenye kona hizi, mke wangu? Tutagongwa."

Kengele ikaendelea. Kisha ikaja harufu. Kitambaa kipya, kigumu kwa wanga, ambacho hakijawahi kuguswa na maji. Fundi anaijua harufu hiyo kuliko manukato yake mwenyewe. Alitaka kusema. Lakini aseme nini, kwamba amekaribisha mtu asiyeonekana? Aliona aibu, akanyamaza. Aibu hiyo inamtafuna mpaka leo.

Simu ililia. Alikuwa Uzi, anatumia simu ya bibi. Fundi akaweka sauti kubwa ili baba naye asikie.

"Mama, mko wapi?"

"Tuko njiani, mwanangu. Bibi yuko wapi?"

"Anaoga. Mimi nimekaa kwenye cherehani yako, lakini sikanyagi."

Waya alicheka. Na hapo, nyuma yao, katikati ya vichwa vyao viwili, sauti ikasema taratibu:

"Hodi."

Kicheko cha Waya kilikatika.

"Karibu, ingia, ukae," Uzi alijibu kwenye simu.

Kengele ikanyamaza. Taa ikazimika. Harufu ikaisha.

"Uzi," Fundi alinong'ona. "Toka nje. Nenda kwa jirani."

Simu ilikuwa imeshakatika.

Waya hakutaja nyaya tena. Aliendesha kama mwendawazimu. Fundi alipiga simu njia nzima, haikupokelewa. Walipofika, bibi alikuwa sebuleni anajipaka mafuta, akashangaa kuwaona wanahema. Mlango ulikuwa na komeo tangu asubuhi, alisema, hakuna aliyeingia. Uzi alikuwa sakafuni anachora. Mama yake alimpapasa mikono, shingo, miguu. Alikuwa mzima, na Fundi akalia kwa furaha.

"Mgeni wako ameondoka," Uzi alisema. "Alinipima tu. Mikono yake ni ya baridi."

"Mgeni gani?"

"Uliyemwambia aingie."

Juu ya cherehani kulikuwa na nguo nyeupe, imekunjwa vizuri. Alipoikunjua, ilikuwa ndefu mpaka miguuni kama sanda, na mikono yake imeshonwa ikafungwa mwishoni. Fundi hakuhitaji kupima mabega wala kifua. Aligeuza pindo kutafuta akiba, maana nguo ya mtoto huachiwa akiba ya kushushia anapokua.

Aliyeishona alikuwa ameacha akiba ya upana wa vidole viwili tu.

Waya alitaka kuichoma. Fundi alimzuia, nguo iliyobeba kipimo cha mwanawe ataitiaje moto? Imefungiwa sandukuni. Siku hizi ukibisha hodi kwake huitikiwi. Anaacha kazi, anakuja dirishani, anakutazama kwanza. Wateja wanasema ameota kiburi.

Juzi Uzi alirudi kutoka shule akilalamika kwamba sketi yake imekuwa fupi. Wasichana wenzake wanamcheka. Mama yake alimsimamisha ukutani, akapima. Akapima tena. Kisha akamvuta mtoto, akampakata kama alipokuwa mchanga, akamwambia kwamba sketi itashonwa nyingine.

Kimebaki kidole kimoja.