Kamongo Aliyelala Udongoni

Nyangeta alikuwa na miaka sita na masikio makali. Alisikia kila kitu, isipokuwa alipoitwa kuosha vyombo.

Nyuma ya nyumba yao palikuwa na bwawa. Wakati wa masika lilijaa maji na vyura wakaimba. Wakati wa kiangazi lilikauka, vyura wakanyamaza.

Kiangazi hiki jua lilikuwa kali mno. Bwawa zima likawa udongo mtupu, tena udongo uliopasukapasuka.

Asubuhi moja Mjomba Mafuru, kaka yake Mama, alikuja na jembe. Alitaka udongo wa kufyatulia matofali, amjengee Mama jiko jipya.

Ti. Ti. Ti. Jembe likachimba.

"Mjomba, ngoja kwanza," akasema Nyangeta. "Nimesikia kitu."

Mjomba akasimamisha jembe. Nyangeta akalala kifudifudi, akaweka sikio chini. Palikuwa na kitundu kidogo, cha kupita kidole kimoja tu.

Fuu...
Kimya.
Kimya kirefu.
Fuu...

"Kuna mtu anapumua humu ndani," Nyangeta akanong'ona.

Mjomba akachungulia. Akatabasamu mpaka magego yakaonekana. "Si mtu huyo. Ni kamongo."

"Kamongo samaki?"

"Kamongo samaki."

Nyangeta akamtazama vizuri. Mjomba Mafuru alipenda sana utani. "Samaki akikosa maji anakufa, Mjomba."

"Wengi wanakufa. Huyu ana mapafu, kama wewe. Maji yalipoanza kuisha alichimba shimo, akajikunja, akajifunika uso kwa mkia. Mwili wake ukatoa ute, ute ukakauka, ukamzunguka kama shuka. Akaacha mdomo tu, apate hewa."

"Sasa anakula nini?"

"Hali kitu. Mwili wake unatumia mnofu wa mkiani, kidogo kidogo. Na moyo wake unapiga polepole. Du... Halafu unakaa weee... Du..."

Nyangeta akashika tumbo lake. Yeye akikosa uji wa asubuhi, mtaa mzima hujua.

Sasa, Mjomba Mafuru alikuwa na udhaifu mmoja. Alipenda kamongo wa kukaanga. Akaangalia kitundu. Akaangalia jembe. Akakuna kidevu.

Nyangeta akaketi kando ya kitundu, akakunja miguu. "Amelala, Mjomba."

"Naona."

"Mtu aliyelala haamshwi ili aliwe."

Mjomba akacheka. Akaweka jembe begani, akaenda kuchimba upande wa pili wa bwawa.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Nyangeta aliweka sikio chini.

Fuu...
Kimya.
Kimya kirefu.
Fuu...

"Yupo," alimwambia Mama. Ndipo akanywa uji.

Ikaja siku moja ya joto la ajabu. Kuku walijificha chini ya ghala. Mbwa alilala ulimi nje. Nyangeta akanywa maji kikombe kizima, akasikia raha mpaka tumboni.

Akamkumbuka kamongo. Maskini, naye atakuwa na kiu.

Akachota kikombe kingine. Akaenda nacho taratibu, maji yasimwagike. Akayamimina kwenye kitundu.

Gulu, gulu, gulu.

"Kunywa, kamongo," akasema. Alifurahi sana moyoni.

Mjomba Mafuru alimwona. Akaacha matofali yake, akaja haraka. Safari hii hakuwa na utani.

"Umemimina nini hapo, Nyangeta?"

"Maji. Ana kiu."

Mjomba akachuchumaa. "Maji ndiyo yanayomwamsha. Akiyasikia, anadhani masika yamefika. Anatoka. Haya, akitoka, bwawa liko wapi?"

Nyangeta akaangalia mbele. Udongo. Akaangalia nyuma. Udongo.

Machozi yakamtoka. Alitaka kumsaidia kamongo, na sasa labda amemuua.

"Nimchimbue, Mjomba? Nimwekee ndoo?"

"Hapana. Usifanye kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Maji ni kikombe kimoja, na jua ni kali. Udongo utakauka. Tumwache."

Kutofanya kitu ni kazi ngumu. Jaribu, uone. Nyangeta aliikalia mikono yake yote miwili, isije ikafanya kitu.

Udongo ulipokauka, akaweka sikio chini.

Kimya.
Kimya kirefu.
Kimya kirefu kuliko vyote.

Mama akaita, "Nyangeta, njoo ule." Nyangeta alisikia, lakini hakuinuka. Basi Mama akaja na sahani ya ugali, akaketi naye palepale. Naye akainama, akaweka sikio chini.

Kimya.
Kimya.

Fuu...

"Yupo," akasema Mama.

"Yupo," akasema Nyangeta, na ugali ukapita kooni.

Siku zikapita. Joto lilikuwa lilelile. Kila mchana Nyangeta alichota maji kikombe kimoja, akayanywa yote mwenyewe.

Kisha yakaja manyunyu. Ta. Ta. Ta. Yakalowesha vumbi, yakakoma. Nyangeta akakimbilia kitunduni. Midomo ilimwasha kusema, "Amka." Akaifunga kwa mkono.

Kamongo hakutoka.

"Anajua," akasema Mjomba. "Haya ni ya kumdanganya kuku. Yeye anangoja mvua yenyewe."

Mvua yenyewe ilikuja baada ya jiko kumalizika. Ilikuja mchana, na wingu jeusi, na upepo ulioangusha nguo zote kambani.

Chwaaa. Chwaaa. Chwaaa.

Siku ya kwanza, maji yalifika kwenye vidole vya miguu. Siku ya pili, yalifika magotini. Kitundu kikafunikwa, na Nyangeta hakuwa na pa kuweka sikio.

"Mjomba, je, kama hakuamka?"

"Sijui," akasema Mjomba. Ni kweli, hakujua.

Siku ya tatu, jioni, mvua ilipumzika. Nyangeta, Mama na Mjomba wakasimama mlangoni mwa jiko jipya. Bwawa lilikuwa limetulia. Vyura walikuwa wameanza kuimba.

Maji yakatikisika kidogo.

Mdomo ukatokea. Kisha kichwa. Kisha mwili mrefu, laini, wenye rangi ya udongo.

Fwaa! Kamongo akavuta hewa, hewa nyingi, ya mdomo mzima.

Alikuwa amekonda sana. Mkia wake ulikuwa mwembamba kama mwiko. Lakini alipiga mkia huo, pwa, akazama kutafuta konokono wake.

Mjomba Mafuru akameza mate. Nyangeta akamwona.

"Mjomba."

"Nilikuwa naangalia tu," akasema Mjomba. Mama akacheka mpaka akaegemea ukuta mpya.

Usiku ulipoingia, Nyangeta akapanda kitandani. Mama akamfunika shuka.

"Mama, nimemsaidia kamongo."

"Ulimfanyia nini?"

"Sikumfanyia kitu," akasema Nyangeta.

Mama akambusu kwenye paji la uso. "Na ilikuwa kazi kubwa."

"Kubwa sana," akasema Nyangeta, akapiga mwayo.

Nje mvua ikaanza tena, chwaaa, chwaaa, na bwawa likaendelea kujaa.