Upenyo Kwenye Uzio wa Manyara

Kila asubuhi, kabla hajakaa kukamua, Nashipae alihesabu vitu vitatu. Alihesabu mifugo yake zizini, mbuzi na ng'ombe. Alihesabu kuku wake. Kisha alisimama kwenye kona ya zizi, akatazama ng'ambo ya uzio, akahesabu mbwa wa jirani yake, mzee Koikai.

Mbwa hao walikuwa wanne. Akiwaona wote wamelala juani, alishusha pumzi. Asipowaona, alijua mzee yuko mawindoni, na siku hiyo hakufanya kazi kwa amani.

Nashipae, ambaye wanakijiji walimwita Mama Sankale kwa jina la mwanawe aliyekuwa anasoma bweni, aliishi upande wa magharibi wa Mlima Meru. Alilima mahindi, maharage na viazi. Alifuga mbuzi kumi na mmoja na ng'ombe wawili. Mume wake, Lesikar, alikuwa mlinzi mjini Arusha, kule Sokon One, na alirudi nyumbani Jumamosi. Siku nyingine zote Nashipae alibaki na mifugo na mashaka yake. Na mashaka alikuwa nayo ya kutosha. Mtu akimsalimia mara mbili kwa siku moja, alianza kujiuliza huyu anataka nini.

Kati ya shamba lake na la Koikai kulikuwa na uzio wa manyara. Manyara ni mmea wa kijani wenye vijiti vingi na utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo ukiingia machoni, unaunguza vibaya. Uzio ulipandwa zamani na baba mkwe wa Nashipae pamoja na baba yake Koikai, na mpaka wenyewe haukuwahi kugombewa. Ugomvi ulikuwa juu ya vitu vinavyovuka mpaka.

Koikai aliwinda digidigi na sungura. Hakuwa na kibali. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilinyamaza. Mara mbili mbwa wake waliruka uzio wakimfukuza sungura, wakalaza mahindi ya Nashipae. Koikai hakuja kuomba radhi. Nashipae naye hakwenda kulalamika. Kanisani Jumapili walikaa madawati tofauti, na wakati wa kupeana mikono Nashipae alijifanya anatafuta kitabu cha nyimbo.

Asubuhi moja ya mwezi wa nne, hesabu haikutimia. Mbuzi walikuwepo. Kuku walikuwepo. Lakini Nanyokie, ng'ombe wake mtamba mwekundu mwenye mimba ya kwanza, hakuwepo zizini. Kamba ilikuwa imekatika.

Alimkuta kwenye uzio. Mguu wa nyuma ulikuwa umenaswa na tanzi la waya, na waya umezama kwenye ngozi. Nanyokie alitetemeka. Nashipae alipiga magoti kwenye matope, akaulegeza waya kwa vidole mpaka vidole vyake vikatoka damu. Alikuwa analia kwa hasira. Ng'ombe wa pili alikuwa mzee, karibu anakauka. Kama Nanyokie angepoteza mguu au ndama, nyumba ile isingekuwa na maziwa tena.

Alipoinua kichwa, alimwona Koikai amesimama katikati ya viazi vyake. Alikuwa anatazama. Kisha akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

"Basi ni yeye," Nashipae alisema peke yake.

Alimpigia Lesikar simu. Lesikar alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Usiongee na mtu yeyote. Jumamosi nakuja, namalizana naye."

Jumamosi ilikuwa mbali, siku tatu nzima. Nashipae hakuwa mtu wa kusubiri. Alinunua utumbo wa mbuzi buchani, akauchanganya na sumu ya panya kwenye beseni la bluu, akalifunika kwa sinia nyuma ya ghala. Jioni angeutupa kule mpakani. Mbwa wanne wangelala juani, na safari hii wasingeamka.

Lakini kwanza mguu ulihitaji dawa, kwa hiyo alimwita afisa mifugo wa kata. Huyo aliitwa Nice, binti wa familia iliyotoka Kilimanjaro. Alifika na pikipiki yake, buti zimejaa matope.

"Shikamoo, Mama Sankale."

"Marahaba. Afadhali umekuja."

Nice aliuosha mguu, akaupaka dawa, akamchoma Nanyokie sindano. Alimpapasa tumbo kwa muda mrefu. Nashipae alimtazama usoni bila kupepesa.

"Ndama yuko hai," Nice alisema. "Mguu utapona, ila atachechemea kidogo. Ule waya uko wapi?"

"Nimeutupa chooni."

"Ungeutunza, mama. Ule ni ushahidi. Siku nyingine ukikuta tanzi, piga picha kwanza kama una simu. Andika tarehe na mahali. Kama mnyama amenaswa, mtoe, halafu waya uuweke. Sasa nipe beseni ninawe mikono."

Nice alizunguka ghala mwenyewe, akaliona beseni la bluu, akanyoosha mkono kwenye sinia.

"Usiguse hilo," Nashipae alisema haraka mno.

Nice aliurudisha mkono wake taratibu. Alimtazama Nashipae, akalitazama beseni. Hakuuliza ni nini.

"Ni kwa ajili ya mbwa wa mzee?"

Nashipae aliivuta sinia ikalifunika beseni vizuri.

"Mama, sumu haijui mbwa wa nani. Mbwa yeyote atakula. Kuku atadonoa. Mtoto wa mtu atapita akaokota. Na ikijulikana, wewe ndiye utakayekwenda polisi, siyo Koikai. Sasa hivi wewe ndiye uliyekosewa. Ukitega sumu, mtakuwa wakosaji wawili."

Nashipae aliona aibu. Alichukua jembe, akachimba shimo refu mbali na kisima, wakaufukia utumbo pamoja na beseni lenyewe. Nice alimpa glovu zake za akiba, naye hakutoka pale mpaka shimo limejaa na limeshindiliwa.

"Sasa nionyeshe tanzi lilikuwa wapi," alisema.

Hapo ndipo Nashipae alipoanza kusitasita. "Kule mpakani tu. Hakuna cha kuona."

"Twende tu, mama."

Walikwenda. Kwenye uzio palikuwa na upenyo, upana wa mbuzi wawili. Mbele yake kulikuwa na matawi ya miiba yaliyosukumwa pembeni. Chini kulikuwa na alama za kwato, nyingi, za kwenda na kurudi.

Nice aliinama. "Hizi ni za mbuzi. Hizi za nguruwe pori. Nguruwe wanatoka msituni juu, wanapita kwako, wanaingia kwenye viazi vyake." Akashika shina moja la manyara. "Hapa pamekatwa na panga."

"Ni yeye amekata."

"Panga limepigwa kutoka upande wako, mama."

Nashipae alitazama chini. Siri hiyo aliitunza tangu mwezi wa nane mwaka uliopita. Mwezi ule malisho yalikauka. Koikai alikuwa amevuna, na mabua yalikuwa yamejaa shambani kwake. Angeweza kuomba, lakini kumwomba Koikai kulimshinda. Alisubiri mzee aende kwa binti yake anayeishi Levolosi, mjini, akakata manyara, akaingiza mbuzi. Utomvu ulimrukia machoni. Macho yalivimba wiki nzima, na kanisani watu walipomuuliza, alisema ni vumbi. Baadaye aliziba kwa miiba, akajiambia imekwisha.

Alimweleza Nice yote. Hata Lesikar alikuwa hajui.

"Ndiyo maana hukwenda kushtaki kwa mtendaji wa kijiji," Nice alisema. "Uliogopa upenyo usije ukajulikana."

"Nikisema, watasema kosa ni langu."

"Kosa lako ni upenyo. Kosa lake ni tanzi. Tanzi la waya haliruhusiwi popote, na kuwinda bila kibali ni kosa hata ndani ya shamba lako mwenyewe. Makosa hayo hayafutani. Lakini ukificha la kwako, akalitoa yeye, hakuna atakayekuamini hata kwenye lile la kweli. Mweleze mumeo. Halafu nendeni kwa mtendaji wa kijiji, muombe Baraza la Ardhi liwaite wote wawili. Baraza halifungi mtu. Linapatanisha majirani. Na msiende kwa mzee peke yenu mkiwa na hasira. Ana mkuki na ana mbwa."

Jumamosi Lesikar alishuka na marungu mawili, moja la mkononi na moja la akiba. Nashipae alimwekea chai, akamwambia habari ya upenyo kabla hajainywa. Lesikar aliketi.

"Kwa hiyo nilikuwa naenda kumpiga mzee wa watu kwenye njia uliyoifungua wewe?"

"Ndiyo."

Lesikar aliitazama chai mpaka ikapoa. Alikasirika, na hakumsemesha mpaka asubuhi ya pili. Lakini marungu yaliwekwa juu ya kabati, na Jumatatu aliomba ruhusa kazini, wakaenda ofisi ya kijiji pamoja.

Siku ya baraza, Koikai alikuja na fimbo yake na uso uliofungwa. Mtendaji wa kijiji, Elirehema, alimtaka Nashipae aanze. Nashipae alisimama. Alisema habari ya mbwa, mahindi na tanzi. Kisha akasema habari ya upenyo.

Watu waligeuka kumtazama. Koikai peke yake hakushangaa.

"Nilijua," alisema. "Mwezi wa nane macho yako yalivimba. Mimi nimekata manyara tangu utoto. Vumbi halivimbishi macho namna ile."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniomba?"

Mzee mmoja wa baraza alikohoa.

Nashipae aliuliza swali lililomsumbua siku zote hizo. "Mzee, ulimtegea nguruwe, au uliwategea mbuzi wangu?"

Koikai aliigeuza fimbo yake mkononi. "Nguruwe walimaliza mistari sita ya viazi. Nilikuwa na hasira. Nilitega chochote kitakachopita." Akainamisha kichwa. "Nilipomwona ng'ombe, nilishikwa na aibu. Nikaingia ndani."

Lilikuwa jibu baya, lakini Nashipae aliliamini. Kwa mara ya kwanza alimwamini jirani yake, na ajabu ni kwamba alimwamini kwa jambo baya.

Elirehema alizungumza na wote wawili. "Mzee, nguruwe wakiharibu shamba, njoo uripoti mapema. Afisa wanyamapori atakuja kuona, na kuna utaratibu wa kifuta jasho. Usitege. Hilo la tanzi siwezi kulimaliza hapa, litakwenda kwake. Mama Sankale, malisho ya jirani yanaombwa."

Makubaliano yaliandikwa. Koikai angesalimisha matanzi yote. Mbwa wangefungwa, na hakuna mtu wala mbwa angevuka uzio kufuata mnyama. Nashipae angejenga lango imara pale kwenye upenyo, na Koikai angetoa nguzo. Lango lingefunguliwa kwa ruhusa ya wote wawili. Nguruwe wakionekana, anayewaona angempigia simu mwenzake, kisha wangeripoti pamoja. Kila mmoja alitia sahihi na kuondoka na nakala yake.

Afisa wanyamapori alifika wiki hiyohiyo. Koikai alimkabidhi matanzi tisa. Alipewa onyo la maandishi, akaambiwa akirudia ni mahakamani. Mkuki aliutundika ukutani.

Mwezi wa sita Nanyokie alizaa ndama jike. Nanyokie mwenyewe anachechemea kidogo, kama Nice alivyosema, lakini maziwa yake yanajaza kibuyu asubuhi na jioni. Nguruwe walirudi mara moja, wakalikuta lango limefungwa. Koikai alimpigia Nashipae simu, nao wakaenda kuripoti, yeye mbele na Nashipae nyuma, bila maneno mengi.

Ukafika mwezi wa nane. Malisho yalikauka tena. Nashipae aliwatoa mbuzi wake, akasimama langoni. Alihesabu mbwa kwa mazoea. Wanne, wote kwenye kamba. Hata hivyo aliona ugumu. Kukata uzio ule kwa panga kulikuwa kumemchukua muda mfupi kuliko kufungua mdomo wake.

"Hodi, mzee," aliita. "Shikamoo."

Mlango haukufunguka. Alianza kuwaza kwamba mzee amemsikia na amekataa. Alishaanza kuwageuza mbuzi, ndipo mlango ulipofunguliwa ng'ambo.

"Marahaba. Una shida gani?"

"Naomba malisho. Ya mabua."

Koikai alikuja polepole mpaka langoni. Hakufungua mara moja. Aliinama, akamchungulia Nashipae usoni, jicho la kulia, kisha la kushoto.

"Mwaka huu macho ni mazima," alisema, akavuta komeo.