Joho Dogo la Orrum

Tamsin Pellow alikuwa amebakiza watu wawili tu kwenye foleni ya kifungua kinywa pale mkia ulipomgonga mkono, chai yote ikamwagikia aproni.

Aligeuka na tusi mdomoni. Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu kama mlingoti. Kuanzia kiunoni kwenda juu alikuwa binadamu, fulana ya kijivu na nywele nyekundu zilizolowa jasho. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa mnyama wa magamba ya kijani, na mkia wake uliburuzika hadi kwenye meza ya mayai.

"Samahani, dada."

"Huo mkia una leseni?"

"Bado tunajifunza, mimi na mkia wenyewe. Siwezi kuinama wala kukaa. Niokotee mkate wa bekoni pale, nami nitakununulia chai nyingine."

"Chai hapa ni bure."

"Ndiyo maana nimeahidi."

Tamsin akacheka, naye hakuwa mtu wa kucheka kabla ya saa mbili asubuhi.

Basi ndivyo walivyojuana, katika studio ile ya magharibi mwa London ambako mvua hupiga mabati mwaka mzima na hakuna anayeruhusiwa kusema anatengeneza nini. Filamu ilikuwa ya sayari za mbali na vita vya angani, ya mfululizo mkubwa wa filamu unaojulikana dunia nzima, ila hii ilikuwa hadithi ya kujitegemea, yenye mwanzo wake na mwisho wake. Vitambulisho vya wafanyakazi viliandikwa jina la kuficha, "Bustani ya Bibi". Simu zote zilibandikwa kibandiko kwenye jicho la kamera.

Rhodri Prosser, mtoto wa Wales, ndiye aliyekuwa ndani ya Orrum, mlinzi mzee wa lango la sayari. Mwili na kinyago cha Orrum vilikuwa vya mpira uliomwagwa juu ya umbo la plasta lililochukuliwa kwake mwenyewe, usoni hadi vidoleni. Akishakivaa hakuona kitu, akawa anatembea kwa kuelekezwa na mtu aliyemsemesha kupitia kifaa cha sikioni. Tamsin yeye alikuwa fundi wa kuchakaza nguo. Washonaji walimletea majoho mapya, akayasugua kwa msasa, akayachovya kwenye chai nzito, akayapaka grisi, mpaka yakaonekana yamevaliwa miaka mia.

"Yaani unalipwa kuharibu nguo?" Rhodri alimtania.

"Na wewe unalipwa kuvaa mkia. Tusichekane."

Jumapili walitembea kando ya mto wakila chipsi zenye siki. Simu ya kila asubuhi ilikuwa ileile. "Umeamka, mchakazaji wangu?" "Nimeamka, mkia wangu." Watu wazima, lakini mapenzi hayana haya.

Kisha mwongozaji akafukuzwa. Upigaji picha ulikuwa karibu kwisha, wakubwa wakatazama walichopata, hawakukipenda. Akaletwa mwingine, Bwana Stannard, na ikasemwa nusu ya filamu itarudiwa. Nani atabaki, nani ataondoka, hakuna aliyejua. Sikio halilali njaa: kila siku kulikuwa na uvumi mpya kwenye foleni ya chai.

Siku moja bosi wake, Moira, alimwekea joho mezani. Lilikuwa joho la Orrum, kitambaa kilekile, pindo lilelile, isipokuwa lilikuwa fupi. Fupi sana.

"Lichakaze lifanane na kubwa, doa kwa doa. Na usimwambie mtu. Hata yule mrefu wako."

"La nani, Moira?"

"Sikuambiwa, na sikuuliza. Nawe ulitia sahihi ya kunyamaza kama mimi."

Tamsin alilishika lile joho, akaligeuza huku na huku. Watu wa mavazi hujua kabla ya wenyewe kujua. Aliwahi kuona gauni la mwigizaji likipunguzwa kiuno kwa ajili ya mwili wa mwingine, na mwenye gauni yuko nje anakula pudini. Joho fupi maana yake mtu mfupi. Rhodri wake ametupwa, naye hana habari.

Jioni ile simu ililia.

"Mpenzi, nimepata ofa," Rhodri alisema. "Tamthilia ya televisheni, Glasgow, miezi kumi. Wanataka jibu kesho. Mkataba wangu wa hapa umekwisha, na kurudia picha ni ahadi ya mdomo tu. Nilitaka kukataa. Orrum ni wangu, na wewe uko huku. Unasemaje?"

Tamsin alikumbuka lile joho fupi. Akisema kweli, kazi yake imekwenda, na ya Moira pia.

"Nenda," alisema.

"Niende?"

"Nenda tu, Rhodri. Ni kazi nzuri."

"Miezi kumi, Tamsin. Hata hukuvuta pumzi."

"Unataka nikulilie?"

 Kisha akasikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia, kavu kabisa. "Nilitaka uniambie nibaki. Haya, nimekuelewa." Akakata.

Hakukuwa na simu ya asubuhi tena. Tamsin alijiambia amemwokoa, akajiambia tena, na kila akijiambia alizidi kulia juu ya lile joho.

Siku ya kurudia picha ilipofika, alilibeba joho dogo mpaka ukumbini. Kulijengwa ushoroba wa mawe wa lango la sayari, na mlango wa mwisho ulikuwa mdogo kama wa banda la kuku. Mwanamke mmoja mfupi, mpanda farasi wa mashindano, akavishwa joho, akapelekwa kule mwisho. Tamsin akatazama kwenye kioo cha kamera. Ushoroba mfupi ulionekana hauna mwisho, na Orrum alisimama mbali, mbali kabisa.

Stannard akafurahi. "Safi. Ndiyo maana ya mtu mdogo, anatupa umbali. Sasa akija karibu tunamweka mrefu wetu. Yuko wapi?"

"Amekwenda Glasgow," mtu akajibu.

Hapo Tamsin akaelewa. Joho dogo lilikuwa la umbali tu. Angefikiri kidogo angejua: kinyago kilichomwagwa juu ya uso wa mtu mmoja hakimkubali mwingine. Kweli wakamjaribu kijana mwingine mrefu, akakosa pumzi, wakamvua mbio.

"Basi," Stannard alisema. "Asipopatikana kesho, Orrum wa karibu anatoka kwenye hadithi."

"Ni mimi," Tamsin alisema. "Niliona joho fupi nikadhani mmembadilisha. Sikuruhusiwa kusema, nikamwambia aende."

Stannard akamgeukia. "Hukusema siri yetu, na bado umetuharibia kazi. Sijawahi kuona. Mpigie."

Simu iliita mpaka akakata tamaa. Mara ya tatu ikapokelewa.

"Kesho naweka sahihi hapa," Rhodri alisema. "Unataka nini?"

Alimwambia yote, akilia na kujipiga kifua.

"Kwa hiyo," Rhodri alisema mwisho, "hukuwa umenichoka."

"Nikuchoke wewe? Nalala na soksi zako, mpumbavu wee."

"Na nikirudi naipoteza Glasgow, kwa picha ya siku moja ambayo wanaweza kuikata."

"Najua. Siwezi kukuambia urudi."

"Niambie hivyohivyo. Safari hii niambie unachotaka."

Tamsin alifumba macho. "Rudi."

Kesho yake, kipaza sauti cha kumsemesha Rhodri sikioni alipewa Tamsin. "Twende, mkia wangu, polepole. Kushoto kidogo. Niko hapa." Na Orrum mkubwa akatembea ushorobani, kipofu, akimfuata kwa sauti.

Mwaka uliofuata walikaa sinemani pamoja na wafanyakazi wote, Tamsin na gauni la kijani, Rhodri na suti iliyombana mabega. Lango la sayari likatokea. Kule mbali Orrum akasimama, kitu kidogo ndani ya joho lililochakaa. Kisha vita vikaanza, na Orrum wa karibu hakuja. Wamemkata.

Glasgow imekwenda, na Orrum pia. Rhodri akamwinamia Tamsin sikioni. "Joho lako dogo limependeza."

"Nioe, Rhodri." Maneno yalimtoka kabla hajayapima.

Rhodri akaelekeza kidole kwenye skrini. "Nitakujibu jina langu likipita."

Filamu ikaisha. Watu wa kazi ile hawanyanyuki mpaka jina la mwisho lipite, basi wakakaa, mamia ya majina yakipanda gizani. Mavazi: Tamsin Pellow. Rhodri akambana mkono. Viumbe: mmoja, mwingine, mwingine. Madereva. Wapishi. Tamsin alisoma mpaka macho yakauma, akiomba. Skrini ikawa nyeusi, taa zikawaka.

Hakuthubutu kumgeukia. "Halikupita," alinong'ona.

"Lako limepita," Rhodri alisema. "Litatutosha wawili."