Msiba wa Kwenye Simu

Asubuhi ya kwanza kitanda cha Yumi kilikutwa kimelowa. Marilou akadhani mwanawe amekojoa, miaka sita si mingi. Lakini maji yale yalikuwa na tope, na yalinuka mshumaa uliozimwa.

Siku ya tatu mtoto akashikwa na homa. Alilala mdomo wazi, nywele zikimchuruzika maji, na kila alipoulizwa alisema kuna kaka chini ya kitanda anamwita wakaogelee.

Mama mkwe alisimama mlangoni, akanusa, uso ukamsawajika.

"Ulikwenda msiba gani?" akanong'ona. "Na kabla ya kurudi ulipitia wapi?"

Pale mjini kwao Iloilo hata mlevi hatoki kwenye mkesha wa maiti akaenda moja kwa moja nyumbani. Atapita dukani, atakunywa japo soda, ili marehemu akimfuata apotelee huko. Marilou alilijua hilo tangu utotoni. Ila kazi yake ilikuwa kuwaliwaza wafiwa kwa simu, na Erlinda, mmoja wa wafiwa hao, alipomwomba aje kumuaga mwanawe Jomar, aliyekufa maji kwenye mafuriko, Marilou alihudhuria mkesha kwa video, ameketi juu ya kitanda cha Yumi, maana hapo ndipo mtandao ulipokuwa na nguvu.

"Sikutoka nyumbani, Mama."

"Ndiyo ubaya wenyewe. Umemleta mpaka kitandani."

Mganga aliitwa mchana huohuo. Alimimina nta kwenye bakuli la maji, ikaganda umbo la mtoto aliyejikunja, na hapohapo chini ya kitanda kitu kikagonga mbao, taratibu, kikanyamaza, kikagonga tena, karibu zaidi na kichwa cha Yumi, huku tope likitambaa sakafuni hadi kwenye vidole vya miguu ya mama yake.

"Ameingia kwa simu, atatoka kwa simu," mganga akasema. "Lakini hatoki bure. Atakwenda palipo na mtoto mwingine. Jua likizama bado yumo, huyu wako hutamwamsha."

Marilou hakufikiri sana, na hilo ndilo baya lake. Alimpigia Erlinda, aliyebakiwa na kichanga cha miezi minne. Sauti yake ilikuwa ileile ya kazini, laini, ya kuaminika.

"Dada, leo tuna zoezi jipya. Laza simu kando ya mtoto, nimwone anavyolala."

Erlinda akatii, kama alivyotii mazoezi yote. Marilou akaiteremsha simu yake chini ya kitanda. Baridi ikampita mkononi, kisha chumba kikatulia.

"Dada Marilou." Erlinda alikuwa analia kwa furaha. "Kuna mtu anagonga chini ya kitanda. Jomar ndivyo alivyokuwa akinichezea. Amerudi?"

"Hiyo ni huzuni tu. Funga macho, vuta pumzi, hesabu mpaka kumi."

Erlinda akaanza kuhesabu. Nyuma yake kichanga kikakohoa, kikohozi cha maji. Marilou akakata simu.

Yumi alikuwa ameketi kitandani, anaomba wali.