Mrashi wa Waridi na Vyura wa Cheju

Kila asubuhi, kabla kengele ya skuli haijalia, Mardhiya alikuwa na kazi yake. Akitoka kwao, mtaa wa Kiponda, hukata vichochoro mbio mbio, begi likimpiga mgongoni, na badala ya kukaa barazani na wenzake huenda moja kwa moja chumba cha sayansi. Humo mlikuwa na sanduku la kioo lenye mfuniko wa wavu, na ndani yake waliishi vyura wadogo wa kijani, kila mmoja hazidi ncha ya kidole gumba. Mwalimu Kheir aliwaleta kutoka bonde la mpunga la Cheju ili wanafunzi wa darasa la sita wawasome. Mardhiya ndiye aliyechaguliwa kuwaangalia. Huwapa inzi, huwabadilishia maji, kisha hutazama kipimo cha unyevu kilichobandikwa kwenye kioo.

Siku hiyo alipoingia alisimama ghafla, mkono mdomoni. Kwenye jani lililoinama juu ya maji paliganda kitu kama ute wa yai, na ndani ya ute vitone vidogo vingi, mfano wa ufuta.

"Mwalimu! Mwalimu Kheir, njoo uone! Wametaga!"

Mwalimu akaja na kikombe chake cha chai. Akachutama, akavaa miwani. "Alhamdulillahi," akasema polepole. "Lakini hebu tazama mshale wa kipimo, Mardhiya."

Mshale ulikuwa umeanguka kwenye rangi ya njano. Hewa ya ndani ilikuwa kavu. Kaskazi ilikuwa imeshika kasi, na upepo wa dirishani ulikuwa ukikausha kila kitu, hata chaki zilikuwa zikikatika hovyo. Tangu msimu huo kuingia, vyura hawakuwahi kulia hata mara moja.

"Chura kayaweka mayai juu ya maji kwa makusudi," Mwalimu alieleza. "Viluwiluwi wakianguliwa, wanadondoka majini wenyewe. Lakini jani likikauka kabla ya hapo, hapana kitakachoanguliwa. Na Bi Mkubwa ameshasema neno lake."

Mardhiya alilijua neno hilo. Bi Riyama, mwalimu mkuu, hakuwa mtu wa kurudia maneno. "Hawa ni viumbe vya Mwenyezi Mungu, si vidude vya kuchezea," aliwaambia siku vyura walipoletwa. "Siku nikiona wanateseka, wanarudi Cheju, na sanduku nalifunga."

Mchana Mwalimu Kheir aliwakusanya wanafunzi. "Tunataka chombo cha kutia unyevu humu ndani. Mwenye nacho akilete tukijaribu. Lakini sharti moja, maji yawe ya mvua, yale ya pipa la uani. Maji ya kisima hapa mjini yana chumvi na chokaa, na chura hanywi kwa mdomo kama sisi. Ngozi yake ndiyo inayokunywa. Chochote kinachomgusa kinaingia mwilini."

Anuar, mtoto mwenye maneno mengi kuliko darasa zima, alisimama. "Mimi ntaleta mashine, Mwalimu. Ami yangu anafanya kazi hoteli ya Paje, wanayo ya kutoa ukungu. Mtashangaa!"

"Tutashangaa kama itafanya kazi," Mardhiya akamjibu.

"Wewe utaleta nini? Utawatemea mate?"

Darasa likaangua kicheko. Mardhiya aliapa moyoni kuwa hatashindwa na Anuar.

Kesho yake mashine ikaja. Anuar aliichomeka kwenye umeme, ikanguruma kidogo, mara ukungu mweupe ukaanza kumiminika ndani ya sanduku, ukatambaa juu ya majani na kuwafunika vyura mpaka mabegani.

"Wallahi kama jukwaa la taarab!" alipiga kelele mwenzao Hamid. "Bado mwimbaji tu!"

Mshale ukapanda. Anuar akazunguka chumba kama bwana harusi. Lakini baada ya saa ya hesabu waliporudi, ukungu wote ulikuwa umetokea kwenye wavu na kwenda zake dirishani. Mshale ulikuwa njano vilevile, na juu ya majani palibaki vumbi jeupe kama unga.

"Mashine yako inapika chokaa," Mardhiya alisema. Anuar akanuna, akaichomoa.

Jioni ile Mardhiya alikiona chombo chake. Kilikuwa juu ya kabati la mama yake, Bi Rukaiya. Ulikuwa mrashi wa fedha, shingo nyembamba, kichwa chenye matundu madogo madogo, ule ambao hutolewa kwenye maulidi na harusi kuwanyunyizia watu maji ya waridi. Matone yake ni laini mno, yanaanguka kama umande. Akaomba, mama akampa, akidhani ni mambo ya madrasa. Mardhiya akausuuza mara nyingi, akaujaza maji ya mvua.

Asubuhi akasimama mbele ya sanduku. "Bismillahi," akasema, akautikisa. Matone yakaanguka juu ya jani yakang'ara. Mshale ukapanda vizuri.

"Leo vyura wanasomewa maulidi!" akasema Hamid.

"Watadai na halua," Anuar akadakia, na hata yeye akacheka. Wote wakapiga makofi. Mardhiya alihisi amekuwa mrefu.

Wenzake walipotoka, akabaki kuufuta mrashi. Hapo ndipo alipoona vyura wamekimbilia pembe ya mbali, wamesongamana wavuni. Mmoja alikuwa akijifuta macho kwa mkono, tena na tena. Mardhiya akanusa kiganja chake. Waridi. Hafifu, lakini waridi.

Akageukia mlangoni. Hapakuwa na mtu. "Itatoka yenyewe," akajiambia, akaenda darasani. Lakini siku nzima hakusikia mwalimu anasema nini.

Nyumbani alimkuta mama yake anafukiza nguo za Ijumaa. Chetezo cha udi kilikuwa chini, juu yake limepinduliwa tenga, na nguo zimetandazwa juu ya tenga.

"Mrashi wangu umetumika wapi?" aliuliza mama bila ya kuinua kichwa.

"Skuli, mama. Niliuosha kwanza. Nliuosha sana."

Bi Rukaiya akatabasamu. "Mwanangu, mrashi ule umetiwa waridi tangu harusi ya bibi yako. Hata uuoshe kwa maji ya bahari nzima, harufu imeshaingia ndani ya fedha yake. Mlikuwa na maulidi?"

Mardhiya aliinama karibu na tenga. Alikuwa anatazama moshi. Kijipande cha udi kilikuwa kidogo kama ukucha, lakini nguo zote zilikuwa zinanukia. Mama alichukua kanga nzito akaitandaza juu ya vyote, akaibana pembeni.

"Mama, kwa nini unaifunika?"

"Nisipofunika moshi si utakwenda zake? Ntachoma udi wa mwaka mzima na nguo zisinukie. Tatizo si udi kuwa kidogo. Tatizo ni kuuachia."

Mardhiya akasimama wima kama aliyeitwa. Wavu! Sanduku lao lilikuwa wazi juu, na dirisha lilikuwa likinyonya unyevu usiku na mchana. Ilete mashine, ulete mrashi, yote yangetoka. Furaha ikampanda, kisha ikamshuka hapo hapo. Akiwaambia wafunike, harufu nayo itabaki ndani, na itabidi aseme na la waridi.

Asubuhi iliyofuata aliwahi mapema, lakini Bi Riyama alikuwa ameshafika. Alisimama kando ya sanduku, mikono nyuma, na wenzake ameshawaita wajipange ukutani. Ukingo mmoja wa mayai ulikuwa umepoteza ung'avu, na vyura bado walikuwa wamejibanza wavuni.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba." Bi Riyama akavuta pumzi. "Mbona humu mnanukia harusi?"

Faiza, anayekaa dawati moja na Mardhiya, akasema haraka haraka, "Ni buibui langu, Bi Mkubwa. Mama kalifukiza jana."

Mardhiya akamtazama rafiki yake. Mlango ulikuwa umefunguliwa kwa ajili yake, angeweza kupita tu. Lakini chura yule alikuwa bado anajifuta macho.

"Si buibui lake," akasema. "Ni mimi. Nimewanyunyizia kwa mrashi wa mama, una waridi. Jana niliinusa harufu nikanyamaza, kwa sababu mlikuwa mshapiga makofi. Na mimi ndiye niliyepewa kuwaangalia."

Hakuna aliyecheka. Halafu ikatokea jambo ambalo halikutegemewa na mtu. Anuar akainua mkono, kichwa ameinamisha. "Na mimi, Bi Mkubwa. Mashine yangu niliijaza maji ya kisima cha nyumbani. Nliona uvivu kwenda pipani."

Bi Riyama aliwatazama mmoja baada ya mwengine. "Haya. Wamekosea, wamesema. Sasa nani ana dawa?"

"Ninayo, inshallah," akasema Mardhiya. Akaeleza mambo ya tenga, chetezo na kanga ya mama yake. Mwalimu Kheir alimsikiliza, kisha akajipiga paji la uso. "Subhanallah! Tumekuwa tukijaza ndoo inayovuja."

"Juma lijalo nitarudi," akasema Bi Riyama. "Nikikuta jani kavu, safari ni Cheju."

Kazi ikaanza hapo hapo. Mwalimu aliwahamishia vyura kwenye beseni, Mardhiya akalisuuza jani polepole kwa maji ya mvua, tone baada ya tone, huku ameshika pumzi. Anuar alikwenda kwa fundi wa vioo akarudi na kipande kilichokatwa sawa na mfuniko, wakakiweka juu ya wavu na kuacha nafasi ya vidole viwili vyura wapate hewa. Dirisha likafungwa upande mmoja. Jioni Mwalimu akaja na chupa mpya ya kupulizia, kama zile za vinyozi, ambayo haijawahi kutiwa kitu.

"Na mashine?" aliuliza Hamid.

"Mashine nzuri," Mwalimu akajibu, "ila inataka umeme, na umeme wetu mnaujua."

Kweli, mwisho wa juma umeme ulikatika mji mzima. Jumamosi na Jumapili Mardhiya na Anuar walikuja pamoja na Mwalimu, asubuhi wanapulizia, alasiri wanapulizia, na kila wakitazama mshale wanaukuta umesimama kwenye kijani kama msumari. Kioo kwa ndani kilijaa matone. Vyura walishuka wavuni, wakarudi majanini, wakanenepa tena.

"Unajua," Anuar alisema akiwa ameshika chupa, "ile siku ningekucheka. Lakini ulivyosema mwenyewe, nikaona haya ya kukucheka."

"Pulizia, wacha maneno," Mardhiya akamwambia, lakini alikuwa anatabasamu.

Siku Bi Riyama aliporudi, chumba kilijaa mpaka madirishani. Ndani ya ute vitone vilikuwa vimeota mikia, vikijinyonganyonga. Mardhiya akapulizia mara moja. Jani likatikisika. Kiluwiluwi kimoja kikateleza, kikaning'inia, halafu kikadondoka, tup! Kikaogelea. Cha pili kikafuata, cha tatu, kisha vikawa vinadondoka kama mvua. Chumba kizima kikalipuka kwa kelele. Faiza alilia. Hamid alimbeba Anuar mgongoni. Mayai ya ukingo ule ulioguswa na waridi hayakuanguliwa, lakini mengine yote yalianguliwa.

Bi Riyama akanyoosha mkono, kelele zikatulia. Akamwita Mardhiya akae mbele yake, akamwekea mkono begani.

"Nisikilizeni wanangu. Mashine ya Paje ni nzuri, mrashi wa fedha ni mzuri zaidi. Lakini mlivichagua kwa macho ya watazamaji, hamkumuuliza chura anataka nini. Chombo bora ni kile kinachomfaa aliyekusudiwa. Na jengine kubwa zaidi. Huyu mtoto alipewa amana. Alipokosea alipata mtu wa kumfichia, akakataa. Angenyamaza siku moja tu zaidi, leo tusingekuwa na hata kiluwiluwi mmoja. Kosa likisemwa mapema linapata dawa. Sanduku hili halifungwi, na mlinzi wake ni yule yule. Mmenisikia?"

Kabla darasa halijafungua mdomo, kutoka chini ya jani bichi chura mmoja akavimbisha koo lake, akalia kwa sauti kali ya kugonga, ya kwanza tangu kaskazi ianze.

"Naam!" akasema Anuar. "Chura kaitika, Bi Mkubwa!"

Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, wanafunzi wakamwona Bi Riyama anacheka mpaka anafuta machozi.