Moshi wa Randa na Begi la Mama

Kila asubuhi mshonaji hufungua mlango, hufagia kibaraza, kisha humtolea mama mkwe wake kiti. Mama huketi hapo na kuchambua vifungo vya nguo. Vyeupe huku, vyeusi kule. Jioni huvichanganya tena kwa siri, ili kesho asikose la kufanya. Mshonaji analijua hilo na hasemi kitu.

Lakini mwezi mmoja ulipita kiti kikiwa kitupu.

Kwenye nyumba ya jirani kuna karakana ya seremala. Watu humwita Randa, kwa kuwa chombo hicho cha kulainishia mbao hakimtoki mkononi. Ni mcheshi na mchapakazi. Ila mwezi huo kila alasiri alikusanya vumbi la mbao nyuma ya karakana na kulichoma moto. Moshi uliruka ukuta na kuingia moja kwa moja kifuani mwa mama, ambaye ana pumu. Alikuwa akishinda ndani, madirisha yamefungwa, akikohoa.

"Mama, tumwambie," mshonaji alisema.

"Tumwambie nini? Kijana wa watu alinichongea fimbo bure. Leo nikamwambie ananiua?"

"Basi nitamwambia mimi."

"Ukimwambia atanuna. Hatakuja tena kunisalimia." Mama alipumua kwa shida. "Mwanangu akirudi na lori lake Jumamosi, baada ya wiki mbili, atanipeleka kwa dada yake. Huko hakuna seremala."

Akafunga begi lake na kuliweka karibu na mlango.

Mshonaji aliumia moyo. Wameishi pamoja miaka kumi na moja. Mama huyu ndiye aliyemfundisha kukata kola. Siku hiyo alishona mkono wa kulia wa shati mahali pa mkono wa kushoto. Alipoona hivyo, akaweka shati kando na kuiandikia halmashauri ya mji barua ya kurasa nne.

Jumatatu aliipeleka mwenyewe. Kwenye dawati la malalamiko alimkuta afisa afya, mwanamke wa makamo ambaye miwani yake imefungwa kwa uzi. Afisa aliisoma barua yote bila kuruka neno.

"Dada, hapa umeandika kwamba redio yake inakoroma."

"Inakoroma kweli."

"Umeandika hakurudisha ngazi yenu tangu mwaka juzi. Umeandika ana maringo. Moshi nimeukuta mwisho wa ukurasa wa tatu."

Mshonaji akatazama sakafu.

"Mji wetu una sheria ndogo," afisa alieleza. "Zinatungwa na madiwani tuliowachagua, kwa ajili ya mambo ya mitaani: taka, moshi, kelele, mitaro, mifugo. Hazihukumu tabia ya mtu. Maringo hayana kifungu. Moshi unacho. Ni marufuku kuchoma taka kwenye makazi ya watu."

"Kwa hiyo mtamkamata?"

"Unataka akamatwe?"

"Hapana," mshonaji alisema, na machozi yakamlengalenga. "Nataka mama abaki."

Afisa akavua miwani yake. "Hilo ndilo ungeandika kwanza."

Akampa fomu. Nini kinatokea? Wapi? Siku gani na saa ngapi? Kinamdhuru nani? Mistari minne ilitosha.

"Sasa nitakuja kuona kwa macho yangu," afisa alisema. "Nikikuta ni kweli, nitampa notisi ya siku saba arekebishe. Wengi hurekebisha. Akikaidi, ndipo tutafika kwenye faini au mahakamani. Jina lako sitalitaja."

Kesho yake alasiri afisa alifika, moshi ukiwa juu. Randa alikuwa kando ya moto, hana habari. Afisa alimsomea kifungu na kumwandikia notisi.

"Nani kanishtaki?" Randa aliuliza.

"Hilo halikuhusu. Moto ndio unaokuhusu."

Lakini mama alikuwa amefungua dirisha. Tangu azaliwe, mama huyu hajawahi kutunza siri ya mtu mwingine.

"Ni sisi, mwanangu," aliita huku akikohoa. "Usimsumbue afisa wa watu."

 Randa akamwagia moto ndoo mbili za maji na kuja dirishani.

"Mama, mimi nilidhani umenikasirikia, ndiyo maana hukai nje. Nikaona haya kuja."

"Nilikuwa naukimbia moshi wako."

"Na hukuniambia?"

"Ulinipa fimbo."

"Nilikupa fimbo utembelee, mama. Sikukupa ili unyamaze."

Mshonaji alifurahi sana. Furaha yenyewe haikudumu. Afisa alikuwa ameinamia mtaro mbele ya kibaraza, akivuta kwa kijiti kitambaa cha bluu. Kikafuatwa na chekundu, kisha kipande kirefu cha mkono wa shati.

"Dada, hivi ni vya nani?"

Kila jioni mshonaji alifagia vipande vyake kuelekea mtaroni. Maji yalikuwa yametuama na mbu wamejaa tele. Alikuwa ameandika kurasa nne za makosa ya jirani, na hilo hakuliona.

"Mitaro nayo ina kifungu," afisa alisema, akiandika notisi ya pili. "Siku saba."

Randa alijikaza asicheke. Hakuweza.

Wiki hiyo wawili hao walishinda na magunia. Randa alijaza vumbi la mbao, na mfuga kuku wa mtaa wa pili akalichukua kutandika bandani. Mshonaji aliuzibua mtaro, na tangu hapo vipande vyake huvijazia mito ya viti. Siku ya nane afisa alirudi, akakagua kote na kuyafunga malalamiko yote mawili. Siku hiyo hiyo Randa alirudisha ngazi. Aliileta begani.

Jumamosi lori likafika. Dereva, mume wa mshonaji, alimbusu mama yake, akaliona begi mlangoni na kulinyanyua.

"Mama, uliagiza nikupeleke kwa dada. Twende?"

Mama alikuwa kibarazani, kwenye kiti chake, akipumua vizuri. Hakuinua hata kichwa.

"Twende wapi? Rudisha hilo begi juu ya kabati. Kisha uje unisaidie vifungo hivi. Vimechanganyika tena, sijui ni nani anayevichanganya."

Mshonaji aliinamia cherehani yake na hakusema kitu.